Trikomonasi, kimelea kisichohesabiwa

Waulize vijana wa mjini wakutajie magonjwa ya zinaa. Watasema Ukimwi, kisonono, kaswende, basi. Trikomonasi haimo. Haya, sikia makadirio ya Shirika la Afya Duniani: mwaka 2020 kimelea hiki kilileta maambukizi mapya yapatayo milioni 156 kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Kisonono milioni 82, kaswende milioni 7. Jumlisha hayo mawili, bado hayafikii. Sasa mbona hatukisikii? Turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1836, jijini Paris, daktari Alfred Donné aliweka uchafu wa ukeni chini ya hadubini akaona vijidudu vinaogelea. Kwa miaka mingi madaktari wengi walivichukulia kama abiria tu, visivyo na madhara. Dawa ya uhakika ilikuja kwenye miaka ya 1960: metronidazoli, yaani Flagyl, vidonge vile vichungu tunavyomeza tukiambiwa tuna amiba.

Kwa hiyo dawa ipo na inaponya. Kimelea kimekwisha? Wapi! Wengi walio nacho, hasa wanaume, hawasikii chochote. Mwanamke akitibiwa peke yake, mwenzake anamrudishia.

Kanda yetu ya Ziwa Victoria inatoa somo zuri. Mkoani Mwanza, kati ya 1991 na 1994, vituo vya afya viliboreshwa ili vitibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Magharibi mwa ziwa, huko Rakai, Uganda, kuanzia 1994 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakigawa dawa kwa wote, wenye dalili na wasio nazo, kila baada ya miezi 10. VVU havikupungua. Lakini trikomonasi ilishuka: asilimia 9.3 ya wanawake kwenye vijiji vilivyopewa dawa, dhidi ya 14.4 kwenye vingine. Ilishuka, haikuisha.

Msidhani ni mambo ya vijijini Afrika tu. Marekani ilipopima wanawake wa miaka 14 hadi 49 kati ya 2001 na 2004, asilimia 3.1 walikuwa nacho. Weupe 1.3, weusi 13.3. Na asilimia 85 ya waliokutwa nacho hawakuwa na dalili yoyote. Hata hivyo trikomonasi haimo kwenye orodha ya magonjwa ambayo taifa hilo linataka yaripotiwe.

Hapo ndipo penye kiini. Ugonjwa usiohesabiwa hautengewi fedha, na usiotengewa fedha hautafutwi. Wakati huo huo unahusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati, na humwongezea mtu hatari ya kupata VVU. Kusubiri dalili ni kuwaacha wengi wanaotembea nacho.

Swali langu kwenu: mwanamke akiandikiwa Flagyl kwa ajili ya hili, wangapi kati yetu wanaume tunameza naye?