Miche Michanga ya Mpunga

Sisi tulimao mpunga twapenda kulaumu ardhi na mvua mavuno yapunguapo. Umri wa mche hatuuulizi. Jambo hili lilidhihirika katika kisiwa cha Bukini, ndicho Madagaska, ambako wali ndio chakula cha kila siku.

Padri Henri de Laulanié, Mfaransa, alifika huko mwaka wa 1961, akakaa miaka mingi akiwatazama wakulima katika majaruba yao. Mwaka wa 1981 alianzisha shule ya vijana wakulima huko Antsirabe. Msimu wa 1983 mvua zikawa haba, wakapandikiza miche ya siku 15 tu, hali desturi ilikuwa kungoja mwezi au zaidi. Miche ile midogo ikatoa machipukizi mengi ajabu.

Sababu yake ni hii: mche uhamishwao ungali na majani mawili matatu haujapoteza nguvu zake za kuchipua, nao ukipandwa peke yake, sentimeta 25 mbali na mwenziwe, mizizi haigombani. Tena maji yafunikayo jaruba daima huinyima mizizi hewa. Udongo mbichi watosha. Wataalamu wangali wakibishana juu ya wingi wa mavuno, lakini mbegu hupungua sana, hilo halina shaka.

Basi mbona wengi wa Bukini waliijaribu njia hii, kisha wakaiacha? Pasipo maji mengi magugu hustawi, palizi ikarudiwa mara kwa mara. Nayo kazi hiyo huangukia miezi ya njaa, wakati maskini waendapo kulima mashamba ya wengine kwa kibarua, wapate chakula cha siku ile.