Mume, Mke na Msimu wa Shamba

Watu wengi hudhani kwamba safari ya mume na mke kwenda kukaa pamoja mbali na nyumbani ni anasa ya watu wa mijini wenye likizo na fedha za hoteli. Sisi wa Bonde la Kilombero tunayo yetu ya miaka mingi, nayo ni kuhamia shamba. Mvua zilipoanza, wazee wetu walikwenda kwenye mbuga za mpunga, wakajenga dungu, wakakaa huko miezi mingi hadi mavuno. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili maji yapite chini, na mwenye shamba aweze kuwaona ndege na nguruwe kwa mbali. Aghalabu nyumba nzima ilihama: mume, mke, watoto, vyungu na kuku.

Historia ikaibadili safari hiyo. Mnamo Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi hiyo ikamilike kabla ya mwaka 1976 kwisha. Watu wakakusanywa vijijini, lakini mbuga za mpunga zilibaki pale pale. Mwaka 1977 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikawalazimu wazazi kuwapeleka watoto shule. Hapana shaka jambo hilo lilikuwa jema; wengi wetu tunajua kusoma kwa sababu yake. Lakini swali moja likaingia katika kila nyumba: nani atabaki na watoto? Basi mmoja akaenda kuamia ndege, mwingine akabaki kijijini.

Mzigo huo huwalemea zaidi watu wa umri wa makamo. Watoto wanadai karo, wazazi wamezeeka, na mwenzako yuko ng'ambo ya maji. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Mavuno yakifika, aliyekaa dunguni huyahesabu magunia kuwa yake, na aliyeuguza watoto huonekana kama mgeni wa kulishwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Ni vema neno hilo likasemwa ghalani kabla halijafika mahakamani.

Kitinda mimba wetu alipokwenda shule ya bweni, mimi na mwenzangu tuliamua kwenda shamba pamoja msimu mzima, na shangazi akakubali kukaa na mama yangu. Majuma ya kwanza tulizungumza habari za jembe na chumvi tu. Baadaye, usiku, mvua ikipiga makuti, mke wangu alianza kunieleza miaka aliyokaa kijijini: homa za watoto, deni la dukani, na mama alivyoanza kusahau majina yetu. Nami nikamweleza jinsi nilivyokesha na kiboko akivuma mtoni. Kila mmoja alikuwa amedhani kwamba mwenzake alipata sehemu nyepesi. Mpunga wa mwaka ule haukuwa mwingi, lakini tulikaa pamoja kupanga matumizi yake.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba dungu ni dawa ya kila ndoa. Penye kipigo, kumpeleka mtu porini ni kumwongezea hatari. Tena malaria ya mbugani haichezewi, kwa hiyo chandarua kitangulie mzigoni. Lakini wale waliotenganishwa na kazi tu, bila chuki, wasingoje uzee. Kama msimu mzima hauwezekani, nendeni pamoja majuma mawili ya kuamia, au mbadilishane zamu, ili kila mmoja aujue mzigo wa mwenzake kwa mabega yake mwenyewe.