Mchanga haukumfaa mfalme: karo za mchezo zilitoka wapi

Pengine umekwisha kuona kwenye simu vijana wa Ulaya ao Marekani wamezunguka meza, na mbele yao kuna pango dogo la kartoni: sakafu ya mawe, kuta fupi, mlango, sanamu zenye urefu wa kidole. Wanacheza mchezo wa kuigiza hadithi. Kila mmoja anashika mtu wake, mpiga upanga ao mchawi, na mmoja kati yao anaongoza hadithi na kuamua mambo. Pango lenyewe wanalijenga kwa vipande vya mraba, sawa karo za nyumba. Leo vinapangwa kuwa chumba, kesho vinakuwa mto. Watu mingi wanafikiri kama ni mambo ya juzi tu. Kumbe karo hizi zina zaidi ya miaka 200, na zilizaliwa na aibu ya mtu mmoja mbele ya mfalme.

Twende Prussia, inchi ya Wajerumani wa wakati ule. Mwaka 1806 Napoleon aliwapiga vibaya kule Jena, na mwaka uliofuata, kwa mkataba wa Tilsit, akawanyanganya karibu nusu ya inchi. Mfalme Friedrich Wilhelm III akabaki na ufalme mdogo na jeshi lililokatwa. Ndani ya inchi hiyo iliyoumia kulikuwa mtumishi mmoja wa serikali, Georg Leopold von Reisswitz, ambaye hata askari hakuwa. Yeye alitengeneza mchezo wa vita. Alilowesha mchanga juu ya meza, akaufinyanga kuwa vilima, mabonde na mito, kisha akasukuma vikosi vidogo juu yake.

Mwaka 1811 watoto wa mfalme waliuona, wakaupenda, wakamwambia baba yao. Baba akasema anataka kuuona na yeye. Hapo njo mambo yalibadilika. Reisswitz aliona haya. Atapeleka namna gani mchanga wa maji mbele ya mfalme? Akaomba wakati, na mwaka 1812 akaleta kitu ambacho hawakukitazamia: meza kubwa ya mbao sawa kabati, yenye madroo. Ndani ya madroo mlikuwa karo za plasta zilizopakwa rangi, moja ina barabara, ingine mto, ingine kijiji ao pori. Unazipanga, unapata inchi. Unazivuruga, unapata inchi ingine. Mfalme alicheza na jamaa yake kule Potsdam. Mwaka uleule Napoleon alikuwa amemlazimisha kumpa askari wa kwenda kupigana Urusi. Mezani alipanga mito na vijiji namna alitaka. Inje, mipaka yake ilipangwa na mtu mwingine. Sisi tunaosoma tukiwa huku mashariki ya Kongo hatuhitaji kufafanuliwa hayo.

Meza ile ilikuwa nzuri kabisa, lakini ilikuwa moja tu. Nani angeweza kununua ingine? Mchezo ukafungwa ndani ya nyumba ya mfalme, juu ya uzuri wake.

Mtoto wake, Georg Heinrich Rudolf, luteni wa mizinga, njo aliuokoa. Aliweka karo pembeni, akachukua ramani za karatasi za kipimo cha 1 kwa 8.000, dadu, na mwamuzi. Wachezaji wanaandika amri zao, mwamuzi anazisoma, anatupa dadu, anawaambia wameona nini na wamepoteza nini. Mwaka 1824 akachapisha sheria zake. Jenerali von Müffling, mkubwa wa makao makuu ya jeshi, aliutazama kwanza bila hamu, halafu akawaka moto, akapendekeza jeshi lote liutumie. Karatasi ilifika pahali plasta haikufika. Luteni mwenyewe hakufaidi mingi: mwaka 1827 alijiua.

Yule mwamuzi alisafiri mbali. Mwaka 1880 Mmarekani Totten aliandika Strategos, kitabu cha mchezo wa vita ambamo mwamuzi ana uwezo wa kuamua hata mambo yasiyoandikwa. Miaka karibu 90 nyuma yake, kijana anayeitwa David Wesely alikikuta kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Minnesota. (Wanafunzi, maktaba ina vumbi lakini muingie.) Mwaka 1969 akachezesha rafiki zake mji wa kubuni, Braunstein, kila mmoja akiwa mtu mmoja tu, hata mkuu wa chuo kikuu alikuwamo. Rafiki yake Dave Arneson akaendelea: nyumbani kwa wazazi wake, kwenye chumba cha chini ya ardhi, aliweka juu ya meza ya ping-pong ngome ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya treni za kuchezea, na chini ya ngome akachora mapango. Kwa Gary Gygax, mji wa Lake Geneva, kulikuwa meza ya mchanga. Ndiyo, mchanga uleule! Na baadhi ya mazimwi yake yalikuwa michezo ya watoto ya bei ya chini, ya plastiki, kutoka Hong Kong. Wale wawili mwaka 1974 walitoa Dungeons & Dragons, kopi 1.000 za kwanza zikapangwa kwenye maboksi kwa mikono. Sheria zao zilisema sanamu si lazima.

Karo zilirudi baadaye. Mwaka 1996 kampuni ya Dwarven Forge ilianza kuuza mapango yaliyokwisha tengenezwa, mazuri na ya bei kali. Meza ya mfalme tena. Wasio na pesa wakajifanyia.

Kazi yenyewe iko nyepesi. Kata kartoni ya boksi, sentimita 15 kwa 15, ugawe miraba ya sentimita 2,5. Kila mraba ni kama hatua mbili za mtu. Kuta usizipandishe kushinda sentimita moja, ili wote waone ndani. Ukipata frigoliti ngumu, ibandike juu kwa kole, halafu finyanga karatasi ya aluminiamu kuwa mpira, uuviringishe juu yake: sura ya jiwe inatoka. Paka nyeusi kwanza, ikauke. Kisha brashi karibu kavu yenye kijivu, uipitishe juujuu tu. Mistari kati ya mawe, bic iliyokwisha wino inaichora vizuri kushinda kisu.