Kutoka Upangaji hadi Mchujo: Mtihani wa Utayari kwa Wanafunzi wa Sekondari katika Vyuo vya Jamii vya Florida

Vyuo vya jamii vya Marekani vilijengwa juu ya msingi wa mlango wazi: mwenye cheti cha sekondari hupokelewa bila kushindanishwa na wengine. Mtihani uliomsubiri ndani haukukusudiwa kumkataa, bali kumpanga: ama aanze masomo ya chuo mara moja, ama apitie kwanza masomo ya kujiimarisha. Makala haya yanadai kwamba mtihani huohuo, ulipotumiwa kwa wanafunzi ambao bado wako sekondari, uligeuka kuwa mchujo.

Jimbo la Florida linadhihirisha mgeuko huo. Katika utaratibu wake wa usajili sambamba, mwanafunzi wa sekondari ya umma husoma masomo ya chuo bila kulipa karo, na masomo hayo huhesabiwa pande zote mbili. Kwa kaya yenye kipato kidogo, hiyo ni nafuu kubwa. Masharti ya kisheria yalikuwa mawili: wastani wa alama usiopungua 3.0, na ufaulu katika mtihani wa pamoja wa upangaji. Tangu 2010 mtihani huo ulikuwa PERT, unaopima kusoma, kuandika na hisabati kwa kipimo cha alama 50 hadi 150.

Kiwango cha hisabati kilipokuwa 114, mhitimu aliyepata 113 alielekezwa kwenye darasa la kujiimarisha. Mwanafunzi wa sekondari mwenye alama hiyohiyo hakuwa na darasa la kuelekezwa, kwa sababu sheria haikuruhusu masomo ya kujiimarisha kuingizwa katika usajili sambamba. Kwa mmoja, alama moja iliyopungua ilirefusha njia. Kwa mwingine, iliifunga.

Mwaka 2012 Judith Scott-Clayton wa Chuo Kikuu cha Columbia alionyesha kuwa mitihani ya upangaji hutabiri kwa udhaifu maendeleo ya mwanafunzi chuoni, na kwamba matokeo ya sekondari ni kielelezo bora zaidi. Mwaka uliofuata, Florida ilitunga sheria iliyowaondolea wahitimu wengi wa shule zake za umma ulazima wa mtihani huo. Hata hivyo, sharti la usajili sambamba lilibaki. Hivyo mhitimu mwenye wastani wa 2.0 aliweza kuingia darasa la chuo bila kupimwa, ilhali mwanafunzi wa sekondari mwenye wastani wa 3.8 alilazimika kufaulu kwanza.

Watetezi wa sharti hilo wana hoja ya kusikilizwa: alama mbaya anayoipata kijana wa miaka 16 hubaki katika rekodi yake ya chuo. Lakini kinga hiyo ilikwisha kuwekwa na sharti la wastani. Ni baada ya janga la UVIKO-19 kutatiza mitihani ndipo, mwaka 2021, sheria ya jimbo ilipoagiza zitambuliwe njia mbadala za kupima stadi za lugha na hesabu.

Kwa hiyo, mtafiti wa historia ya mitihani hapaswi kuishia kwenye maswali na viwango vya ufaulu. Aulize pia: aliyeshindwa alipelekwa wapi? Katika Florida, jibu la swali hilo ndilo lililotenganisha upangaji na mchujo.