Reli ya Kusini (Tanganyika)

Reli ya Kusini (pia: Reli ya Mtwara–Nachingwea) ilikuwa njia ya reli katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, sehemu ambayo leo imo katika mikoa ya Lindi na Mtwara. Ilifanya kazi kuanzia mwaka 1949 hadi 1962. Upana wake ulikuwa mita 1, sawa na Reli ya Kati, lakini haikuunganishwa nayo. Injini na mabehewa yake yalifika kwa meli.

Asili

Reli hii ilitokana na mpango wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulipendekeza yalimwe mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Kati ya hayo, 55 yangekuwa katika Jimbo la Kusini, 15 Jimbo la Magharibi na 10 Jimbo la Kati. Yaliyobaki yangekuwa Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia).

Wanafunzi wengi huufahamu mpango huu kwa jina la Kongwa tu. Kazi ilianzia Kongwa kwa sababu Reli ya Kati ilikuwa karibu, lakini kwenye karatasi zaidi ya nusu ya mashamba yote yalikuwa Kusini. Kusini hakukuwa na reli wala bandari ya kufaa. Bandari ya Lindi ilikuwa na kina kidogo. Ghuba ya Mtwara ilikuwa na kina kizuri, ila mji haukuwapo. Mji wa karibu ulikuwa Mikindani.

Ujenzi

Kwa kuwa bandari ya Mtwara ingechukua miaka kujengwa, gati la muda liliwekwa Mkwaya, kwenye hori ya Lindi. Kutoka hapo reli ilipita Ruo na kufika Nachingwea, ikafunguliwa mwaka 1949. Bomba la mafuta nalo lilijengwa kutoka Mkwaya hadi Nachingwea kwa ajili ya matrekta ya kufyekea msitu. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, na reli ya kutoka huko ikaunganishwa na ile ya zamani pale Ruo. Tawi la kwenda Masasi lilifuata mwaka 1958.

Tarehe hizi zinafaa kutazamwa kwa makini. Serikali ya Uingereza iliuacha mpango wa karanga Januari 1951, baada ya kutumia takriban pauni milioni 36. Maana yake reli ilipata bandari yake miaka mitatu baada ya mzigo wake kutoweka.

Uendeshaji na kufungwa

Njia ilikuwa chini ya shirika la Reli na Bandari za Afrika ya Mashariki. Ilibeba abiria na mazao ya wakulima, hasa korosho, ufuta na mihogo. Mizigo hiyo ilikuja kwa msimu, na reli iliyopangwa kwa mashamba makubwa 55 haikuweza kujilipia kwa mzigo huo. Kila mwaka ilikuwa hasara. Ilifungwa mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru, na vyuma vyake viking'olewa.

Kwa hesabu za wakati ule uamuzi huo unaeleweka. Hata hivyo, mikorosho iliyopandwa na wananchi ilikuwa bado inakua. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka Kusini, na mzigo huo ulitegemea malori na barabara za udongo ambazo masika huzifanya tope. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilipata daraja la kuvuka Rufiji, Daraja la Mkapa, mwaka 2003 tu.

Yaliyobaki

Mji wa Mtwara na bandari yake ndiyo matunda makubwa ya kazi ile. Nachingwea baadaye ilikuwa na kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji. Serikali ya Tanzania ina mpango wa reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, pamoja na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga.