Udongo Uliovuka Bahari

Huko Puerto Rico, kisiwa kisicho na misonobari ya asili, maofisa wa misitu walihangaika kwa miaka mingi. Mbegu zilikuwa nzima, mvua ya kutosha, lakini miche ilichipua, ikadumaa, ikageuka njano na kufa. Mbolea haikuiokoa.

Mwaka 1955 kililetwa kitu cha ajabu kuagizwa kutoka ng'ambo: udongo. Ulichotwa chini ya misonobari ya North Carolina, Marekani, ukatiwa kwenye mashina ya miche. Iliyoupata ikashika kijani na kurefuka. Jirani zake wasioupata wakabaki vile vile.

Siri ilikuwa kuvu wanaoivika mizizi. Nyuzi zao, nyembamba kuliko mzizi wowote, hufika mbali kutafuta fosforasi na maji, nao mti huwalipa kwa sukari. Mbegu husafiri bila kuvu hao.

Ushirika huo ulikwisha kuelezwa mwaka 1885 na Mjerumani Albert Bernhard Frank. Serikali ya Prussia ilikuwa imemtuma atafute namna ya kulima tarafeli, uyoga ghali uotao ardhini. Uyoga hakuulima, ila alivumbua jambo kubwa kuliko mlo wa matajiri.

Afrika Mashariki nayo haina msonobari wake wa asili. Msonobari aina ya patula, uliojaa katika shamba la miti la Sao Hill huko Mufindi, Tanzania, asili yake Mexico. Ndiyo maana watunza vitalu huchanganya udongo wa msitu wa misonobari iliyokomaa kabla ya kujaza viriba.