Mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo

Mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo ni hitilafu ya mapigo ambapo vyumba hivyo hutetemeka badala ya kusukuma damu sawasawa. Mgonjwa huhisi moyo ukidunda ovyo, huishiwa pumzi akipanda ngazi, na usiku hushtuka usingizini. Hofu inayoletwa na dalili hizo humchosha kuliko jamaa zake wanavyodhani. Damu ikituama katika vyumba hivyo huweza kuganda, na hatari ya kiharusi huongezeka takriban mara 5. Afrika Mashariki tatizo hili huwapata hata vijana ambao vali zao za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Wengi wao hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kwa kawaida hutakiwa kubaki kati ya 2 na 3, na mchicha au kisamvu viliwe kwa kiasi kisichobadilikabadilika, kwa kuwa mboga hizo huathiri nguvu ya dawa. Dawa hiyo isiachwe bila ushauri wa daktari.